Tangawizi: tenga mbegu kwanza, ndipo uuze

Mkulima wa mahindi akiishiwa mbegu, huenda duka la pembejeo akanunua pakiti. Mkulima wa tangawizi hana pakiti ya kununua. Mbegu yake ni ile ile tangawizi anayoitia kwenye chai na kuipeleka sokoni. Akiuza zote, amemaliza na mbegu. Akiuza nene na nzuri, akabakiza nyembamba zenye madoa, basi ndizo atakazopanda. Na zikiwa na ugonjwa, ameupeleka ugonjwa huo shambani kwa mkono wake mwenyewe, nao hukaa kwenye udongo miaka kadhaa.

Hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka msikilizaji wetu aondoke nalo. Makala haya tumeyaandaa kwa ajili ya wakulima wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi, Mbaha na Liuli hadi Mbamba Bay, pamoja na wenzao wa milima ya Mbinga. Yahifadhi kwenye simu, uyasome kidogo kidogo kadiri msimu unavyokwenda.

Tangawizi ni mmea gani

Tangawizi ni ndugu wa manjano na iliki. Asili yake ni Asia, na leo nchi zinazolima kwa wingi ni pamoja na India, China na Nigeria. Hapa Tanzania hulimwa Same mkoani Kilimanjaro, ambako Mamba Miamba kuna kiwanda cha kuisindika, pia Kigoma, Tanga, Morogoro na Zanzibar. Katika mkoa wetu wa Ruvuma, wakulima wa Madaba wanaijua vizuri.

Tunachokiita mzizi wa tangawizi kwa kweli si mzizi. Ni shina linalolala chini ya udongo, na jina lake ni tunguu. Ndiyo maana lina macho, kama kiazi mviringo. Kila jicho linaweza kutoa chipukizi. Mizizi halisi ni ile nyuzi nyembamba inayoning'inia chini ya tunguu.

Tangawizi haizai mbegu za kupanda kama mahindi au maharage. Huendelezwa kwa kukata tunguu vipande. Kwa hiyo kila shina shambani kwako ni mwendelezo wa shina alilolima mtu mwingine kabla yako, pamoja na magonjwa yake kama yapo.

Je, inafaa kwetu?

Tangawizi hupenda joto la wastani, nyuzijoto 20 hadi 30, mvua nyingi na udongo unaopitisha maji. Hustawi kuanzia usawa wa bahari hadi kama mita 1,500. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 475, kwa hiyo kuanzia ufukweni hadi katikati ya miteremko ya milima yetu tupo ndani ya kiwango hicho. Kule juu kabisa kwenye milima ya Wamatengo, ambako asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali, itaota lakini itakua polepole na kutoa matunguu madogo.

Kila eneo lina shida yake. Ufukweni, mchanga hukauka haraka na jua ni kali. Mkulima wa huko anahitaji samadi nyingi, matandazo mazito, na kivuli kidogo cha migomba au miembe. Kivuli kizito hakifai. Mwanga unaopenya kati ya majani unatosha.

Mabondeni tatizo ni maji kutuama. Tangawizi ikikaa kwenye maji hata siku chache huanza kuoza. Kama ardhi yako hufurika, ipandie mpunga, tangawizi itafutie mahali pengine.

Miteremkoni tatizo ni udongo kuchukuliwa na mvua. Hapa wakulima wa Mbinga hawahitaji kufundishwa sana. Kilimo cha ngoro, cha kulaza nyasi, kuzifukia kwa udongo na kuacha mashimo yanayopokea maji, kimetunza milima hiyo kwa vizazi vingi. Kwa tangawizi chukua maarifa yale yale: matuta yakingame mteremko, na nyasi ziozee chini ya udongo.

Kuchagua mbegu

Kama huna mbegu yako, usinunue gunia sokoni bila kujua limetoka wapi. Nenda kwa mkulima mwenyewe, na ikiwezekana nenda mapema, kati ya Machi na Aprili, shamba likiwa bado kijani. Tembea ndani yake. Ukiona mashina yaliyonyauka hapa na pale ilhali mvua inanyesha, usichukue mbegu hapo, hata ukiuziwa kwa bei ya chini. Mnyauko katikati ya mvua hautokani na kukosa maji. Huo ni ugonjwa.

Mbegu nzuri utaitambua hivi:

- Ni nene, nzito na ngumu ukiibonyeza. Haibonyei wala haitoi maji.
- Ngozi imekaza, haina mikunjo.
- Ukiivunja, ndani ni ya rangi moja ya manjano hafifu, na harufu yake ni kali na safi. Mistari ya kahawia au sehemu zenye maji maji ni dalili ya ugonjwa.
- Ina macho yaliyovimba kidogo, hasa inapokaribia kupandwa.
- Haina vinundu vya minyoo fundo wala vijidudu vyeupe vilivyong'ang'ania kwenye ngozi.

Kuna tangawizi ya dukani ambayo imeoshwa ikang'aa na kukauka kwa kukaa muda mrefu. Hiyo inafaa kwa chai. Kwa mbegu ni bahati nasibu.

Kata kwa kisu safi au vunja kwa mkono. Kila kipande kiwe na uzito wa gramu 30 hivi, karibu urefu wa kidole gumba, na kiwe na macho 2 ikiwezekana. Kisu kikikata tunguu lenye doa ndani, tupa tunguu hilo na uoshe kisu kwa maji na sabuni kabla ya kuendelea. Kisu kimoja kichafu kinaweza kueneza ugonjwa kwenye ndoo nzima.

Vikishakatwa, vitandaze kivulini siku 2 au 3 hadi jeraha likauke na kufanya ngozi. Wakulima wengine hupaka jivu la kuni kwenye jeraha ili likauke upesi. Usipande kipande kibichi kilichokatwa leo leo.

Utahitaji mbegu kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hushtuka. Chukua kishamba cha mita 10 kwa mita 10. Ukiondoa njia kati ya matuta, unabaki na eneo la kupanda la kama mita za mraba 70. Kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya mistari na sentimita 20 kati ya mashina, eneo hilo linachukua vipande karibu 1,170. Kwa gramu 30 kila kipande, hiyo ni kilo 35 za mbegu. Ukifanya hesabu hiyo kwa ekari nzima unapata zaidi ya tani moja.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: anza na kishamba kidogo. Ukipata kilo 35 safi kutoka kwa mtu unayemwamini, panda hizo, vuna, tenga mbegu, na mwaka wa pili ongeza eneo. Kukopa fedha ili ununue tani ya mbegu usiyoijua ni kamari kubwa.

Kuandaa shamba na kupanda

Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Tangawizi inahitaji miezi 8 hadi 10 ardhini, kwa hiyo ukichelewa kupanda umeipunguzia miezi ya mvua. Andaa shamba Oktoba, upande mvua za kwanza zinapotulia.

Lima kina cha jembe zima, toa magugu na mizizi yake. Changanya samadi au mboji iliyooza vizuri. Kwa kila mita moja ya mraba weka ndoo ndogo, kilo 2 hadi 3. Samadi mbichi usiweke, huunguza machipukizi na huleta wadudu.

Tengeneza matuta yenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 hadi 30, na uache njia ya kupitisha maji. Chimba mistari, weka vipande kwa kina cha sentimita 5 hadi 10 macho yakitazama juu, kisha fukia. Halafu funika tuta lote kwa nyasi kavu au majani ya migomba. Matandazo haya hutunza unyevu, huzuia magugu, huzuia matone ya mvua yasipige udongo, na yakioza ni mbolea.

Usishangae ukikaa wiki 3 au 4 bila kuona kitu. Tangawizi huchelewa kuchipua. Usifukuefukue kutazama.

Kutunza shamba

Palilia kwa mkono au kwa jembe dogo, juu juu tu. Jembe likijeruhi tunguu, jeraha hilo ni mlango wa ugonjwa. Kwa kawaida palizi 2 au 3 zinatosha kama matandazo ni mazito.

Kila baada ya mwezi na nusu hivi, pandishia udongo kwenye mashina na uongeze matandazo. Tunguu likitokeza juu ya udongo na kupigwa na jua hugeuka kijani na kuacha kunenepa. Ukiwa na samadi ya ziada, iweke wakati huu.

Mvua zikikatika mapema mwezi Machi na una maji karibu, mwagilia mara moja au mbili kwa wiki. Mwezi wa mwisho kabla ya kuvuna acha udongo ukauke ili ngozi ya tunguu ikomae.

Mnyauko na kuoza: maadui wawili

Kuna magonjwa mengi ya tangawizi, lakini mawili ndiyo yanayomwacha mkulima mikono mitupu.

La kwanza ni mnyauko wa bakteria. Majani hujikunja na kuwa ya manjano kuanzia chini, kisha shina zima hulegea ndani ya siku chache kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ukivuta shina hutoka kirahisi, na chini yake kuna utelezi wenye harufu mbaya. Bakteria hao ni wa jamii ile ile inayonyausha nyanya, viazi mviringo, bilinganya na tumbaku.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kiwe na urefu wa kidole. Kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria.

La pili ni kuoza kwa tunguu, ambako husababishwa na vimelea vinavyopenda udongo uliolowa kupita kiasi. Ncha za majani hubadilika rangi, shina hulainika chini, na tunguu hugeuka uji. Dawa yake ya kwanza ni kufungua njia za maji.

Kwa mnyauko wa bakteria hakuna dawa ya dukani inayoponya shamba. Anayekuuzia chupa na kukuahidi kuponya anataka fedha yako. Unachoweza kufanya ni hiki:

- Ng'oa shina linaloumwa pamoja na udongo ulioshikana nalo, pamoja na majirani zake wa karibu. Weka kwenye mfuko, beba nje ya shamba, kausha uchome.
- Usitupe mabaki mtoni, kwenye mfereji wala kwenye shimo la mboji. Maji yatayapeleka kwa jirani wa chini.
- Chimba mfereji mdogo kuzunguka sehemu iliyoathirika ili maji yake yasitiririke kwenye matuta mazima.
- Osha jembe, buti na mikono kwa sabuni kabla ya kuingia sehemu nyingine.
- Usitenge mbegu kutoka shamba hilo, hata sehemu inayoonekana nzima.
- Usirudishe tangawizi hapo kwa miaka 3 au zaidi. Panda mahindi au mtama. Nyanya, viazi mviringo na bilinganya visifuate hapo.

Ili kuona jambo hili linaweza kufika wapi, tazama Nigeria. Mwaka 2023 ugonjwa wa ukungu ulivamia mashamba ya tangawizi kusini mwa jimbo la Kaduna, eneo linalosifika kwa zao hilo. Wakulima wengi walipoteza karibu kila kitu, na mwaka uliofuata tatizo likawa mbegu: safi haikupatikana kwa urahisi, na ile iliyopatikana ilikuwa ghali.

Kuvuna, na siku ya kutenga mbegu

Majani yakigeuka manjano na mashina kuanza kuanguka yenyewe, kwa kawaida Julai hadi Septemba kwetu, tangawizi imekomaa. Ikivunwa kwenye miezi 5 hadi 7 huwa laini, haina nyuzi na si kali sana. Hiyo inafaa kuliwa mbichi au kutengeneza achari. Inayokusudiwa kukaushwa, kuhifadhiwa au kuwa mbegu lazima ikomae kabisa.

Chimba kwa uma au jembe ukianzia mbali kidogo na shina. Kung'uta udongo, kata mashina na nyuzi, ondoa zilizojeruhiwa.

Sasa, kabla mnunuzi hajafika na mizani, fanya kazi moja: tenga mbegu. Chagua mashina yaliyozaa vizuri kutoka sehemu ya shamba ambayo haikuwa na mnyauko hata mmoja. Chukua matunguu manene. Tunajua ndiyo yenye bei, na ndiyo maana tunasema yatengwe kwanza. Mpanda ovyo hula ovyo.

Kilo 1 ya mbegu ikitunzwa vizuri huweza kutoa kilo 5 au zaidi. Mbegu ikihifadhiwa hupungua uzito na nyingine huharibika, kwa hiyo kama unahitaji kupanda kilo 35, weka akiba ya kilo 50. Kwa mavuno ya kilo 200, hiyo ni robo nzima. Inauma, lakini robo hiyo ndiyo shamba lako la mwakani.

Usioshe tangawizi ya mbegu. Iache kivulini siku chache ngozi ikauke. Kisha chimba shimo la kina cha nusu mita mahali penye kivuli pasipoingia maji, tandika mchanga mkavu, panga tangawizi na mchanga kwa tabaka, halafu funika kwa nyasi au ubao huku ukiacha hewa ipite. Fukua kila baada ya wiki 3, ondoa zilizooza. Usihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, maana hutoa jasho na kuoza.

Njia nyingine ni kuacha tuta moja au mawili yasiyo na ugonjwa bila kuvunwa, yakiwa yamefunikwa kwa matandazo mazito, hadi Oktoba. Njia hii inafaa pale ambapo nguruwe na panya hawasumbui.

Kukausha na kuuza

Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kilo 5 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Kumbuka hesabu hii mnunuzi anapokutajia bei. Tuseme mbichi inauzwa shilingi 2,000 kwa kilo. Kavu ikiuzwa shilingi 10,000 kwa kilo hujapata chochote cha ziada, umefanya kazi ya kukausha bure. Faida ya kukausha ni pale bei ya kavu inapozidi mara 5 ya mbichi, au pale mbichi zimejaa sokoni na zako zingeoza.

Osha vizuri, kwangua ngozi nyembamba tu, kwa sababu mafuta yenye harufu yamekaa karibu na ngozi. Kata vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5, vilingane ili vikauke pamoja. Anika juu ya chanja safi au turubai, usianike chini. Kwenye mwambao wetu vichanja vingi ni vya dagaa. Usivitumie kwa tangawizi, itavuta harufu ya samaki na hakuna atakayeinunua kwa chai. Usiku na mvua inapotishia, ingiza ndani.

Imekauka pale kipande kinapovunjika kwa mlio badala ya kupinda. Ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu una sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Tangawizi yenye ukungu usiisage ili kuficha.

Ukitaka kuuza unga wa tangawizi kwenye pakiti, SIDO wana ofisi Songea na hutoa mafunzo kwa wasindikaji wadogo, na alama ya ubora hutolewa na TBS.

Uza kwa kilo, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, limekatazwa kisheria, nalo humwibia mkulima waziwazi. Mkiwa kikundi mkanunua mizani yenu, mazungumzo na mnunuzi hubadilika.

Jikoni na kwenye afya

Ukinunua ya kupikia, chagua nzito yenye ngozi iliyokaza. Iliyokunjamana imepoteza maji, na yenye ukungu kwenye mkato iache. Nyuzi nyingi si ubovu, ni ukomavu: ni kali zaidi, na inafaa chai.

Kwa chai, ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa vikombe 4, kichemke dakika 10. Kwenye samaki, iwe mbasa au dagaa wabichi, tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu, limao na chumvi hupunguza shombo na kuleta ladha. Pilau, maharage ya nazi na kahawa chungu navyo vinaijua.

Kuhusu tiba, tuseme yaliyo kweli. Jambo ambalo tangawizi imechunguzwa sana ni kichefuchefu. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mimea dawa cha mwaka 1999, linaitaja kwa kichefuchefu cha safari, cha baada ya upasuaji na cha ujauzito. Mama mjamzito anaweza kunywa chai yake ya kawaida, lakini unga mwingi au vidonge amuulize kwanza mhudumu wa kliniki.

Tangawizi haitibu malaria, kifua kikuu, kisukari wala shinikizo la damu. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, wengi wetu tulikunywa tangawizi na malimao. Kinywaji hicho hutuliza koo, lakini hakimwondoi mgonjwa kwenye foleni ya zahanati. Mwenye homa apimwe. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kabla ya kutumia tangawizi nyingi. Mwenye kiungulia apunguze.

Na ginseng je?

Kwa sababu majina yanakaribiana, wapo wanaodhani ginseng ni tangawizi ya Wazungu au ya Wachina. Si hivyo. Ni mmea mwingine kabisa. Ginseng ya Marekani huota kwenye misitu yenye baridi ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, na hulimwa chini ya vivuli Wisconsin nchini Marekani na Ontario nchini Kanada. Mbegu yake hulala ardhini zaidi ya mwaka mmoja na lazima ipitiwe na majira ya baridi kali ndipo iote. Mzizi huchukua miaka 3 au zaidi kukomaa. Ile ya porini ilichimbwa sana, hata tangu mwaka 1975 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Mwambao wa Ziwa Nyasa hauna majira hayo ya baridi. Mtu akikuletea mbegu za ginseng na kukuahidi utajiri, weka fedha yako mfukoni. Na ukiuziwa vidonge vya ginseng kwa ajili ya nguvu, vionyeshe kwa mfamasia, hasa kama unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda.

Kalenda fupi ya kuhifadhi kwenye simu

- Machi na Aprili: tembelea shamba utakalonunua mbegu, au kagua lako kama lina mnyauko.
- Julai hadi Septemba: vuna. Tenga mbegu kabla ya kupima ya kuuza.
- Agosti hadi Oktoba: kagua akiba ya mbegu kila wiki 3. Andaa samadi na matuta.
- Novemba na Desemba: kata mbegu, kausha jeraha, panda, tandaza nyasi.
- Januari hadi Aprili: palilia juu juu, pandishia udongo, fungua njia za maji, ng'oa linaloumwa siku hiyo hiyo.

Ukiona mashina yananyauka na huna uhakika, mwite afisa ugani wa kata yako na umwonyeshe glasi ya maji yenye kipande cha shina. Fanya hivyo kabla ya kumpa jirani mbegu, maana mbegu unayompa leo kwa wema inaweza kumwachia ugonjwa ardhini kwa miaka.